Sura ya 7: Geuza Wigi Ndani Nje

Swali hili huulizwa katika saluni za Kitale na Bungoma kwa uchungu wa pesa: mbona mimi na mwenzangu tulinunua wigi bei moja, zote ndefu, zote nyeusi ti, yake inaingia mwaka wa pili na yangu imesokotana ikawa bonge kabla ya mwezi kwisha?

Anayeuliza huwa amekwisha kujijibu kwamba alidanganywa. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa lilianza pale alipotazama kile ambacho kila mnunuzi hutazama, yaani jinsi nywele zinavyong'aa na zinavyoteleza mkononi. Huo ndio upande wa wigi ulio rahisi kupambwa, kwa sababu mng'aro hupakwa. Vitu visivyopakwa viko ndani: mishono, wavu, mafundo, ukubwa wa kofia. Basi ushauri wa sura hii nautoa mapema, asiye na muda asome mpaka hapa: ukipewa wigi mkononi, igeuze ndani nje kabla ya kuipeleka kichwani. Na kabla ya kwenda dukani, jua unataka ikufanyie kazi gani.

Nywele zenyewe ni za nini?

Kuna nywele za kiwandani, kuna nywele za binadamu, na kuna mchanganyiko wa hizo mbili. Tuanze na za kiwandani, maana ndizo zilizojaa vibandani na ndizo zinazosingiziwa zaidi.

Nywele za kiwandani huitwa sintetiki. Ni nyuzi zilizotengenezwa kwa kemikali, jamaa ya plastiki. Hata kama hujawahi kuvaa wigi, unazijua, kwa sababu ndizo unazosukiwa. Kanekalon, jina linaloandikwa kwenye pakiti nyingi za nywele za kusukia, ni uzi wa kampuni ya Kaneka ya Japani. Umemwona msusi akimaliza kusuka anavyochovya ncha katika maji moto ili zisifumuke. Maji yale hulainisha uzi, na ukipoa unashika umbo jipya. Mawimbi ya wigi ya sintetiki yalitiwa kwa njia hiyohiyo, kwa joto, kiwandani. Joto jingine lolote linalokuja baadaye, liwe la pasi ya nywele, mvuke wa sufuria au mafuta ya mandazi yanayochemka, litaipa umbo ambalo hukuliomba. Mama anayekaanga samaki kila jioni ataona nywele za paji la uso zimejikunja na kukauka ilhali za kisogoni ni nzima, kisha atailaumu wigi.

Zipo sintetiki za kustahimili joto. Pakiti zake hutaja kiwango, mara nyingi kati ya nyuzi joto 150 na 180 za Selsiasi. Pasi isiyo na kipimo cha joto isizikaribie.

Nywele za binadamu zina safari ndefu. Sehemu kubwa hutoka India. Katika hekalu la Tirumala, karibu na mji wa Tirupati jimboni Andhra Pradesh, mahujaji hunyoa vichwa kutimiza nadhiri, na hekalu huziuza nywele hizo kwa mnada. Nyingine hutoka China na nchi jirani. Kazi ya kuzisafisha, kuzipanga na kuzishona hufanyika kwa wingi China, hasa katika mji wa Xuchang mkoani Henan, ambao umejijenga kwa biashara ya wigi. Ndiyo maana ukiambiwa nywele ni za Brazili au za Peru, usilipe zaidi kwa sababu ya jina la nchi. Katika biashara hii majina hayo hutaja mtindo wa nywele, ulaini wake au mawimbi yake, kuliko mahali zilipokatwa.

Sasa tufike kwenye jibu la lile swali. Unywele wa binadamu umefunikwa na magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, yaliyopangwa kama mabati ya paa: kila moja limelalia lililo chini yake, na yote yanaelekea kwenye ncha. Nywele zilizokatwa kichwani na kuwekwa pamoja mizizi kwa mizizi, magamba yakielekea upande mmoja, huitwa remi. Hazikwaruzani, ndiyo maana hudumu. Nywele zilizokusanywa kwenye machanuo na kuzolewa sakafuni zimechanganyika, hii imeelekea juu, ile chini, na magamba hunasana. Kiwanda huziponya kwa hila: huzitia katika asidi kuondoa magamba, kisha huzipaka silikoni. Siku ya kwanza dukani hizo ndizo zinazong'aa kuliko zote! Ukiziosha mara kadhaa silikoni huondoka, na kinachobaki ni unywele mkavu usio na ganda la kuulinda. Hilo ndilo jibu la yule aliyenunua wigi bei moja na mwenzake.

Kuna jaribio la vidole ambalo halimgharimu mtu chochote. Shika nywele chache, pitisha vidole kutoka mzizini kwenda ncha, kisha kinyume chake. Nywele zenye magamba huteleza zikishuka na hukwaruza kidogo zikipandishwa. Zikiteleza sawasawa pande zote mbili, ama ni sintetiki ama zimepakwa kitu.

Jaribio la pili ni la moto. Unywele wa binadamu huungua haraka, hunuka kama nyoya lililoungua, na huacha majivu yanayosagika kwenye vidole. Sintetiki hujikunja, huyeyuka, hutoa harufu ya kemikali na huacha kitone kigumu. Chomea nje, mbali na wigi yenyewe, na shika nywele kwa kibanio. La muhimu ni kwamba wewe ndiye uchague pa kuzichomoa. Katika wigi za mchanganyiko, unywele uliochomolewa mbele waweza kuwa wa mtu na wa kisogoni ukawa wa kiwandani.

"Mama, hizi ni nywele za mtu?"

"Za mtu kabisa, dada. Asilimia mia."

"Naomba nichomoe mbili tatu hapa nyuma nizichome."

"Ukichoma umenunua."

Jibu hilo lisikukasirishe. Wigi bado ni mali yake, na kila mpita njia akichomoa nywele tatu itabaki kofia tupu. Mwombe basi zile zilizokwisha kudondoka akiichana mbele yako. Akikataa hata hizo, rudisha wigi na uendelee na safari.

Na zile alama za 8A, 10A, 12A? Hakuna chombo kinachozikagua. Kila muuzaji hujitolea alama zake, na mwaka ujao huenda tukauziwa 20A.

*Kwa ufupi: sintetiki si mbaya, ila huogopa joto. Nywele za binadamu hudumu zikiwa na magamba yake. Mng'aro mkali wa siku ya kwanza ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.*

Ndani ya kofia

Geuza wigi. Utaona kofia ya kitambaa chepesi na juu yake mikanda ya nywele iliyoshonwa kwa cherehani, mkanda juu ya mkanda. Mbele, katika wigi nyingi za siku hizi, kuna wavu mwembamba uitwao lesi. Tazama haya:

- Mishono ya mikanda iwe miwili, si mmoja. Vuta kwa upole: uzi ukilegea mbele ya muuzaji, nyumbani utaachia.
- Mikanda isiachane sana. Wigi iliyopunguzwa nywele hujificha kwa kutanua nafasi kati ya mkanda na mkanda.
- Ulastiki wa nyuma urudi ukivutwa, na vishikizo vyake viwe vimeshonwa, si kugandishwa kwa gundi.
- Ukitazama lesi juu ya mwanga, isiwe na matundu yaliyochanika wala mafundo makubwa meusi yaliyosongamana.

Lesi inastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiyo inayopandisha bei na ndiyo inayowachanganya watu. Nywele za cherehani zote hulala upande zilikoshonwa. Nywele za lesi zimefungwa kwa mkono, fundo moja moja, kwa sindano yenye kulabu, ndiyo maana huonekana zimeota na unaweza kuzigawa upande wowote. Mtu ameketi saa nyingi akifunga mafundo hayo, na hizo saa ndizo unazolipia. Lesi ndogo ya juu huitwa kloja, mara nyingi inchi 4 kwa 4, na hukuruhusu kugawa nywele mahali hapo tu. Ile inayotoka sikio hadi sikio huitwa frontali, kwa kawaida inchi 13 kwa 4, na hukuruhusu kuzirudisha nyuma zote. Kama wewe kila siku hugawa nywele katikati na kuziacha, frontali ni pesa unazolipia mtindo usioutumia. Kloja yatosha, nayo huhitaji uangalizi mdogo.

Rangi ya lesi ni jambo ambalo wauzaji wengi hulipita haraka. Lesi nyingi ni za rangi hafifu, na kwenye ngozi nyeusi huacha mstari wa kijivu kwenye paji la uso. Ijaribu kwenye mwanga wa jua, nje ya duka, maana taa za dukani husamehe kila kitu. Mstari mdogo hufutika kwa poda ya rangi ya ngozi yako. Mkubwa haufutiki.

Kisha ukubwa. Pima kichwa kwa utepe wa fundi cherehani, kuanzia mwanzo wa nywele kwenye paji, nyuma ya masikio, mpaka chini ya kisogo na kurudi. Kofia ya wastani ni ya inchi 22 na nusu hivi, yaani sentimita 57. Ndogo ni kama 21 na nusu, kubwa ni 23 na zaidi. Pima ukiwa umeshasukwa matuta utakayovalia wigi, si nywele zikiwa zimefumuliwa. Kofia inayobana huumiza kichwa na hukata nywele za pembeni, na zile za pembeni zikishakatika hurudi polepole, wakati mwingine hazirudi kabisa. Inayopwaya nayo hutafutiwa gundi, na gundi ina madhara yayo hayo.

Mwisho, shika ncha. Wigi ya inchi 20 yenye mkia mwembamba imechanganywa nywele fupi nyingi na ndefu chache. Ujazo, ambao huandikwa kwa asilimia kama 130, 150 au 180, hukwambia wingi wa nywele kichwani, wala haukwambii kama zinafika chini. Kwa kazi ya kila siku 130 au 150 yatosha. Ya 180 hupendeza kwenye picha lakini ni nzito na ina joto.

Wigi na barabara ya Webuye

Vitabu vingi vya urembo vingekomea hapo. Lakini wigi haivaliwi ndani ya kitabu. Kitale iko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi na mvua yake ni ya miezi mingi, kuanzia Machi au Aprili mpaka Oktoba. Shuka kwa matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha uelekee Kanduyi, nawe umefika Bungoma, kwenye mita 1,400 hivi, ambako jua la Januari halina huruma.

Wigi iliyonyeshewa Kitale mwezi wa saba haikauki kwa siku moja. Kofia nene ya cherehani hushika maji, huanza kunuka, na ngozi ya kichwa huwasha. Anayeishi huko na kwenda kazini kila siku ana haja ya wigi mbili za bei ya kadiri kuliko moja ya fahari. Wa Bungoma adui wake ni jasho: kofia iwe na nafasi za kupitisha hewa, na nywele zisizidi mabega.

Na kuna boda boda. Sheria inamtaka abiria wa pikipiki avae helmeti, na helmeti huivuta lesi nyuma, huzilaza nywele za juu na huzisokota za kisogoni. Mwalimu anayepanda pikipiki asubuhi na jioni kwenye barabara ya murami hatadumu na wigi ya inchi 24, hata iwe ya nywele gani. Kisogoni ndipo zinapoanza kusokotana, kwenye msuguano na kola. Wigi fupi ya inchi 10 au 12, isiyofika kolani, huvumilia safari hiyo ya vumbi. Ile ndefu aibebe kwenye mfuko na kuivaa akifika, au aiweke ya Jumapili. Kumbuka pia kwamba urefu hupimwa nywele zikiwa zimenyooshwa: ya mawimbi ya inchi 18 itaonekana fupi kuliko ulivyotarajia.

Msimu nao una neno. Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili ni tohara ya Babukusu. Bungoma hujaa wageni, ngoma na vumbi, na kila mtu anataka kupendeza. Anayenunua wiki ya shughuli hana nafasi ya kuiosha wigi mara moja aone itakavyokuwa. Nunua mwezi mmoja kabla.

Je, rahisi ni ghali?

Msemo huo umetufanya tuogope wigi za bei ndogo bila kupiga hesabu. Tuipige, kwa mfano. Wigi ya sintetiki ya shilingi 2,500 uliyoivaa siku 40 za kazi kabla ya kuchakaa imekugharimu kama shilingi 62 kwa siku. Wigi ya nywele za binadamu ya 18,000, uivae siku 400 katika miaka miwili, ni shilingi 45 kwa siku. Ya bei ndogo imeshindwa, utasema. Ngoja. Ukiipeleka ile ya 18,000 saluni kuoshwa na kupangwa mara moja kwa mwezi kwa 500, umeongeza 12,000. Jumla 30,000, gawanya kwa 400: shilingi 75. Sasa ya bei ndogo imeshinda.

Yaani nywele za binadamu zinamlipa anayejua kuzitunza mwenyewe: kuzichana kuanzia ncha kwenda juu, kuziosha kwa maji ya vuguvugu bila kuzisugua, kuzikausha zikiwa zimetundikwa, na kuivua wigi kabla ya kulala. Asiye na muda huo asione haya kununua sintetiki nzuri. Mimi humshauri hivyo hata mwenye pesa.

Mawakili wa Uingereza walilielewa hili zamani. Mwaka 1822 Humphrey Ravenscroft wa London alipata hataza ya wigi ya manyoya ya farasi isiyohitaji kukunjwa upya wala kupakwa unga kila mara, na mtindo huo ukaenea mpaka kwenye mahakama za makoloni. Ilikuwa mbaya kutazama na ilikuwa bora kabisa kwa kazi yake. Majaji wa Kenya waliziacha mwaka 2011, wakati wa Jaji Mkuu Willy Mutunga, lakini hawakuziacha kwa sababu zilichakaa.

Ukinunua kwa simu

Wengi siku hizi huona wigi kwenye simu, hulipa kwa M-Pesa, na mzigo hufika kwa basi la usiku kutoka Nairobi. Hapo huwezi kugeuza kitu. Omba video fupi ya wigi yenyewe, si ya mwanamitindo, iliyopigwa mchana nje, ikionyesha ndani ya kofia na mtu akiichana kutoka ncha hadi juu. Muuzaji mzoefu anayo tayari. Andikiana naye kwa ujumbe badala ya kupiga simu, ili maneno "nywele za binadamu" na "inchi 16" yabaki yameandikwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na ya kupewa maelezo yanayohitajika kuihusu, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inakataza kumuuzia mtu kitu kwa sifa ambazo hakina. Ujumbe ulioandikwa ndio utakaokusaidia kudai haki hiyo. Mzigo ukifika, ufungue ukiwa umewasha kamera.

Wigi za mtumba nazo zipo, na baadhi ni nzuri kushinda mpya za bei hiyo, maana ambayo imeoshwa mara nyingi na bado inateleza imekwisha kufanyiwa mtihani. Osha kwa shampuu na maji ya vuguvugu, badilisha ulastiki, na uachane na ile yenye kofia iliyokwisha kunuka.

Anapoihitaji mgonjwa

Kwake yeye mambo mengi ya juu hugeuka. Wagonjwa wa saratani kutoka Trans Nzoia na Bungoma mara nyingi hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na baadhi yao hupewa tibakemikali, yaani dawa zinazoua seli zinazogawanyika haraka, zikiwemo zile za mizizi ya nywele. Si dawa zote huangusha nywele, kwa hiyo muulize daktari kwanza. Zinazoangusha huanza kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu baada ya dozi ya kwanza.

Chagua wigi kabla ya hapo, ukiwa bado na nguvu za kutembea madukani na nywele za kulinganisha rangi. Usinunue kofia inayokaa sawasawa leo. Chukua yenye ulastiki wa kupunguza, kwa kuwa kichwa kisicho na nywele ni kidogo zaidi. Gundi na machanuo ya ndani yasiwepo, kwani ngozi huwa nyororo na kidonda kidogo huweza kuwa shida kubwa. Vaa kofia laini ya pamba chini yake. Hapa sintetiki fupi na nyepesi hushinda nywele za binadamu za bei kubwa: huoshwa, hukauka, hurudia umbo lake lenyewe, na mtu aliyechoka hana kazi ya kuipanga. Nywele huanza kuota tena miezi michache baada ya matibabu kwisha, hivyo wigi ya kudumu miaka mitatu haihitajiki.

Ikichakaa

Sintetiki iliyosokotana imekwisha. Usiikate ukitumaini kuifufua.

Nywele za binadamu huchakaa tofauti. Mara nyingi kinachokufa ni kofia: ulastiki umelegea, lesi imechanika, lakini mikanda bado ina miaka ndani yake. Kofia tupu huuzwa peke yake, na kloja pia. Msusi anayejua kushona atafumua mikanda, aioshe, aishone kwenye kofia mpya ya kipimo chako. Kabla ya kumwachia, hesabu mikanda mbele yake na uipige picha, mkubaliane bei na siku ya kuichukua.